Nakala Mbili kutoka Mikumi

Siku tuliyomzika mke wangu, watu walijipepea naye. Sisemi kwa ubaya. Jua la Kilosa halina adabu, na turubai moja haliwezi kufunika waombolezaji wote. Kila aliyefika alipewa karatasi iliyokunjwa katikati, picha yake mbele na ratiba ya mazishi ndani, na kabla mchungaji hajamaliza sala ya kwanza karatasi zote zilikuwa hewani zinapunga. Mimi nilikaa kwenye viti vya wafiwa nikitazama uso wake ukienda huku na huku mikononi mwa watu ambao wengine hata sikuwajua. Tuliporudi kutoka makaburini na kusubiri chakula, baadhi yao walitandika karatasi hizo chini wakazikalia.

Ndani ya karatasi, chini ya ratiba, kulikuwa na historia fupi ya marehemu. Ilisomwa na ndugu yangu mmoja mwenye sauti nzuri. Marehemu alizaliwa kanda ya ziwa, akahamia huku na wazazi wake, akasoma hadi darasa la saba, akaolewa, akajaliwa watoto wawili, akaugua, akafariki. Basi. Matangazo ya nani apande gari lipi kwenda makaburini yalichukua muda mrefu kuliko hayo. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka machozi yakakauka, na watu wakasema mzee amejikaza kiume.

Hasira hiyo ndiyo iliyoandika kitabu.

Kuandika si kitu kigeni kwangu. Baba yangu aliletwa Kilosa na kazi ya kibarua wa reli, mimi nikawa karani wa stesheni, na maisha yangu yote ya kazi nimeandika: mabehewa, mizigo, treni iliyochelewa na sababu yake. Mke wangu alipika jirani na stesheni hiyo hiyo. Treni ikichelewa mimi nilitukanwa na abiria, yeye aliwauzia chai na chapati mpaka wakasahau kunitukana. Kwa hiyo nilinunua kaunta buku sokoni nikaanza kuandika yale ambayo ndugu yangu mwenye sauti nzuri hakuyasoma. Kwamba alikuwa anacheka ameziba mdomo kwa kiganja kana kwamba kicheko ni kitu cha kuibiwa. Kwamba mvua ikinyesha milimani alikuwa wa kwanza mtaa wetu mzima wa Magomeni, hapa Kilosa, kuinua magodoro juu ya meza, hata kama mto haukufika. Kwamba hakuwahi kula akiwa ameketi kama kuna mtu anasubiri sahani.

Jina lake sitaliandika hapa. Lina kitabu chake.

Kilipokamilika, dada mmoja wa steshenari alinichapia kwenye kompyuta akanitilia kwenye flashi, na pia akanitengenezea ile ya kutuma kwa simu. Nikawatumia watoto. Wa kwanza yuko Dar, akajibu kwa dole gumba. Wa pili yuko Mwanza, akaandika, "Safi sana baba, nitasoma nikitulia." Bado hajatulia. Siwalaumu, wana maisha yao, lakini nilikaa na simu mkononi jioni ile mpaka chai ikaota utando juu, na nikajua kwamba kitabu cha kwenye simu si kitabu. Nilitaka kitu cha kushika. Zaidi ya hapo, na hili ndilo lililonisumbua hasa, nilitaka mtu mmoja tu akisome aniambie: ndiyo, huyu ndiye yeye. Maana ukikaa peke yako na mtu aliyekufa, ukamwandika peke yako, ukamsoma peke yako, unafika mahali hujui kama bado unamkumbuka yeye au umeanza kumtunga.

Nikaanza kutafuta mchapaji.

Nilianzia Morogoro, kwa mtu mwenye kiwanda hasa, mashine kubwa zinazounguruma nyuma ya ofisi na harufu ya wino mpaka barabarani. Alinipokea vizuri, akanikalisha, akanionyesha kalenda za makanisa na vitabu vya masomo. Akauliza kitabu changu ni cha dini au cha siasa.

"Ni maisha ya mke wangu," nikasema.

"Alikuwa nani?"

"Mke wangu."

"Nina maana, mzee wangu, alikuwa na cheo gani? Mbunge? Mama mchungaji?"

"Alikuwa anauza chai stesheni ya Kilosa."

Akatikisa kichwa taratibu kama daktari mwenye habari mbaya. Akasema mashine zake haziwashwi kwa chini ya nakala mia tano, kwa sababu kuandaa mabati ya kuchapia ni gharama ile ile uchape kimoja au elfu. Hakuwa amenitukana. Alikuwa anaeleza kazi yake, tena kwa upole. Lakini nilitoka pale nimenuna, na nilinuna mpaka Dumila.

Kisha nikapewa namba ya wachapaji wa Dar. Hawa walikuwa wa kisasa, mashine zao hazitaki mabati, wanachapa toleo dogo. Kijana wao aliniita bosi tangu sentensi ya kwanza. Tuliongea kwa ujumbe wa sauti. Yeye anatuma, mimi nasikiliza mara mbili, najibu, anatuma tena. Walinitumia kwa basi kitabu cha mtu mwingine kama mfano wa kazi zao. Kusema kweli kilikuwa kizuri. Jalada linateleza, karatasi ya rangi ya maziwa, mgongo umenyooka. Nilikilaza juu ya meza yetu ya chakula nikakizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Kuanzia hamsini, bosi," kijana alisema. "Hamsini ni vichache sana. Utagawa kwa ndugu na marafiki, vinaisha."

Nilikaa na kikombe cha chai nikaanza kugawa hamsini hizo kichwani. Watoto wangu, viwili. Shemeji yangu, kimoja. Ndugu yangu mwenye sauti nzuri, kimoja, na akisome chote. Jirani wa kushoto. Jirani wa kulia hajui kusoma, lakini nisingeweza kumpita. Mchungaji. Wenzangu wa reli: mmoja kahamia Tabora, mmoja haoni, waliobaki nimewazika. Wanawake waliopika naye stesheni wametawanyika tangu treni ya umeme ilipoanza na abiria wakahamia kule kwenye stesheni mpya, ambako huwezi kuingia na sufuria. Chai iliisha, na hata nusu ya hamsini sikufika. Nikaona maboksi yaliyobaki yamepangwa sebuleni, na sehemu pekee yenye nafasi ilikuwa kwenye kiti chake. Nilirudisha kitabu cha mfano kwenye bahasha. Sikujua kwamba swali la nakala ngapi linaweza kumuumiza mtu kiasi kile.

Duka la Mikumi nililipata kwa kuchelewa. Nilikuwa nimetoka Kilosa kwenda Ruaha, kule kwenye miwa, kumsalimia mama mkwe wangu, gari la kuunganisha halikuwepo, nikasimama kando ya barabara kuu nikila vumbi la malori ya Zambia. Nyuma yangu kulikuwa na duka limeandikwa kwa mkono: kadi za harusi, kadi za mchango, picha za pasipoti, ratiba za misiba, vitabu. Neno vitabu lilikuwa mwishoni, limebanwa pembeni kama lililokumbukwa baada ya rangi kukauka. Nikaingia.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Ukutani alikuwa ametundika kazi zake, na kila lori likipita maharusi na marehemu walipepea pamoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu kiti."

Nikampa flashi, na picha ya mke wangu ambayo naibeba kwenye pochi. Alivaa miwani akaiangalia picha kwa heshima.

"Mnazika lini?" akauliza, mkono tayari uko kwenye kipanya.

"Tumeshazika."

"Poleni sana. Basi ni arobaini?"

"Arobaini imeshapita. Ni kitabu, dada yangu. Kitabu cha kusoma."

"Sawa mzee. Kitabu cha kumbukumbu. Tunafanya."

Neno kumbukumbu nililiacha lipite, maana nalo halikuwa uongo. Nikamuuliza anachapa kuanzia nakala ngapi.

"Unazotaka wewe."

"Hata kumi?"

"Hata kimoja. Mashine yangu, gundi yangu, nani atanipangia?"

Akanionyesha anavyofanya. Anachapa kurasa, anazikusanya, anapaka gundi mgongoni, anabandika jalada, halafu anakibana kitabu katikati ya vibao viwili na kuweka betri ya lori juu mpaka kesho yake. Kitabu alichonionyesha kilikuwa kimepinda kidogo, na ukikifungua sana kinalalamika. Hakikuweza kulinganishwa na kile cha Dar. Lakini aliniambia hata kimoja, na aliniambia tukitazamana usoni. Nikaamua palepale. Kama kuna busara iliyotumika katika kuchagua, mimi siijui.

"Ila nitakutolea mfano kwanza," akasema. "Kisha mtu mwingine akusomee kabla sijafanya vya kweli. Mwenye kuandika haoni makosa yake. Mtu wa nyumbani tu, mzee."

Nikasema sawa. Nilitoka nje nikasimama tena kwenye vumbi, na neno nyumbani halikuniacha mpaka gari lilipokuja.

Kwa sababu mtu wa nyumbani alikuwa yeye. Miaka yote ya kazi, ripoti ikiwa ngumu, nilikuja nayo nyumbani nikaisoma kwa sauti huku yeye anachagua mchele kwenye ungo. Hakuwa na habari na mabehewa. Lakini alikuwa na sikio. Akisema "mm", sentensi imepita. Akinyamaza, naikata. Mabosi wangu walinisifu kwa ripoti fupi zinazoeleweka, na hawakujua kwamba zimepita kwenye ungo. Tangu alipoondoka nasoma kwa sauti na ukuta unasikiliza, lakini ukuta hausemi mm wala haunyamazi kwa maana yoyote. Upweke wangu, kama mtu anataka kuujua, uko hapo hasa. Si kitandani wala mezani. Ni hapo baada ya sentensi.

Mtu mwingine pekee aliyemjua tangu mwanzo alikuwa mama yake. Mama hajui kusoma, lakini nilifikiri, nikimsomea atasikia.

Shida ni kwamba mimi na mama mkwe wangu hatutazamani. Yeye ni Msukuma wa zamani, aliyekuja huku na mume wake na ng'ombe wao, na kwao mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Akija njia hii, mimi napita ile. Hatuli pamoja, hatuketi pamoja, na neno lake kwangu linapitia kwa mtu wa tatu. Mimi mtoto wa reli, niliyekulia kwenye mchanganyiko wa makabila na dini zote, nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza. Mke wangu hakucheka. Basi nikashika adabu ya kwao, na kwa miaka yote ya ndoa yetu nimemjua mama kwa miguu yake, kwa upindo wa kanga, na kwa kikohozi. Hata msibani tulilia kila mmoja upande wake wa nyumba.

Siku ya kuchukua mfano nilifika Mikumi asubuhi. Mwenye duka alikuwa ameshatia kitabu kwenye bahasha ya kaki, amenifungia vizuri, na gari la Ruaha lilikuwa linapiga honi. Sikuifungua. Nilitaka kukifungua mbele ya mama, kama mtu anayefungua zawadi mbele ya mwenyewe.

Shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu anayeishi na mama, alinipokea uani. Nyumba yao iko ukingoni mwa mashamba ya miwa. Ukiwa pale husikii kitu ila majani yanayosuguana. Tulipanga kama inavyopasa. Mama alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Mimi niliwekewa kiti nje, mgongo ukiuelekea mlango. Shemeji akaketi kizingitini katikati yetu, kando kidogo ya bega langu, ili atafsiri kwa Kisukuma, kwa kuwa Kiswahili cha mama ni cha sokoni tu. Nikaamkia bila kugeuka, na marahaba ikaja kutoka ndani kupitia kwa shemeji.

Nikafungua bahasha.

Juu kabisa ya jalada kulikuwa na msalaba. Chini yake njiwa wawili, mmoja kila upande. Kisha mshumaa unaowaka, kisha maua, na katikati ya maua uso wa mke wangu kwenye duara, umefifishwa pembeni kama mtu anayeonekana kwenye moshi. Jina la kitabu nililolitoa mimi halikuwepo. Palikuwa na maneno Historia ya Marehemu. Ilikuwa ile ile karatasi ya kujipepea, imenenepeshwa tu.

Nikasema moyoni, jalada si kitu, litatolewa. Nikafungua ukurasa wa kwanza nikaanza kusoma, na neno la kwanza lilikuwa marehemu. Nikaliruka. Sentensi ya pili, marehemu. Nikaangalia chini ya ukurasa, nikafunua mwingine, na mwingine. Yule mama wa Mikumi, kwa adabu yake yote, alikuwa ameliweka neno hilo mbele ya jina la mke wangu kila mahali lilipotokea, kwa kuwa kwetu hapa mtu akishafariki humtaji jina lake tupu. Utaonekana huna malezi. Kwa hiyo marehemu alinyonya. Marehemu akaota meno. Marehemu alivaa gauni jeupe akasimama pembeni yangu kanisani, na marehemu akaziba mdomo kwa kiganja akacheka.

Ningeweza kufunga kitabu. Lakini mama alikuwa anasubiri, na shemeji alikuwa ameshakunja miguu. Nikaendelea kusoma huku narukaruka neno hilo kama mtu anayevuka matope kwa kukanyaga mawe. Nilisoma, shemeji akatafsiri, na nyuma ya pazia kulikuwa kimya. Hakuna kitu kigumu kama kumsomea mtu usiyemwona uso. Sikujua kama analia, kama amelala, kama amechukia. Nilisikia kikohozi kimoja. Sikujua ni cha ndiyo au cha hapana.

Tukafika kwenye ndama. Hadithi hiyo mke wangu aliniambia mwenyewe zaidi ya mara moja: kwamba akiwa mtoto, huko kwao, baba yake alimkataza kucheza zizini, naye akaingia akampanda ndama mgongoni, na ndama akamtupa kwenye samadi. Nilikuwa nimechoka kuruka. Neno likaniponyoka.

"Marehemu akampanda ndama," nikasoma.

Shemeji akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kiganja, vile vile, na nilipoona hivyo kwa pembe ya jicho nilishindwa kuendelea. Kisha akaacha kucheka. Kutoka ndani mama akauliza kitu kwa Kisukuma. Shemeji akamjibu kwa sauti ndogo, na katikati ya Kisukuma chake nikalisikia neno marehemu, kwa Kiswahili, halijatafsiriwa.

Halafu sauti ikaja, si kwa shemeji. Ilikuja moja kwa moja mgongoni kwangu, kwa Kiswahili, sauti ambayo kwa miaka yote ile haikuwahi kunisemesha mimi.

"Mkwe. Alipopanda ndama alikuwa hajafa."

Sikugeuka. Nilijua si ruhusa, na hata ingekuwa ruhusa nisingeweza, kwa jinsi uso wangu ulivyokuwa.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Soma vizuri."

Nikasoma vizuri. Nikasema jina lake tupu, mara nyingi, kwa sauti, uani kwa mama yake. Nilikuwa nimeandika kwamba ndama alipomtupa alilia mpaka jirani wakaja. Kilio hicho hakuniambia yeye. Nilikiweka mwenyewe, kwa kuwa niliona mtoto akianguka hulia. Nilipofika hapo mama akapiga kofi godoro au kiti, kitu fulani huko ndani.

"Hakulia," akasema. "Alicheka. Mimi ndiye niliyelia."

Nikatoa kalamu nikafuta kilio. Ndipo nilipojua kwamba huyu ndiye, kwa sababu kulikuwa na mtu anayeweza kuniambia pale ambapo si yeye.

Jua lilizunguka nyumba mpaka likanipata. Nilisoma kuhusu ng'ombe walioswagwa kuja huku, kuhusu chai ya stesheni, kuhusu magodoro juu ya meza. Mara alikohoa, mara alisema kitu na shemeji hakukitafsiri. Nilipofungua sura ya mwisho, ile ya hospitali, nikasoma sentensi ya kwanza, na sauti ikanikatiza.

"Hapo acha. Hapo napajua."

Nikaacha. Nilifikiri tumemaliza, nikaanza kukusanya bahasha yangu. Mama akaongea na shemeji, na safari hii neno likapita njia yake ya kawaida.

"Shemeji," akasema kutoka kizingitini, "mama anaomba urudi kwenye ndama."

Nikarudi kwenye ndama. Nikasoma tena, na safari hii akacheka.

Nilipita Mikumi kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kugomba tangu Ruaha, nina maneno makali ya kutosha duka zima. Lakini mwenye duka alinipokea kwa kitu kinachofanana na fahari.

"Umeona mzee? Niliona kama umesahau. Mtu ametangulia, unamtaja hivi hivi tu? Nikakuwekea pote. Watu wangekusema."

Maneno makali yakaniishia.

"Nashukuru," nikasema. "Lakini mama yake anasema, alipopanda ndama alikuwa hajafa."

Alitoa mkono kwenye kipanya. Aliangalia kioo cha kompyuta muda mrefu, ambako uso wa mke wangu ulikuwa umezungukwa na njiwa.

"Kweli," akasema. "Alikuwa hajafa."

Akaanza kuyatoa. Nilikaa kwenye kiti pembeni yake nikimwona anavyofanya, ukurasa kwa ukurasa, na kila neno lilipoondoka jina lilisogea mbele kuchukua nafasi yake. Malori yalipita, ukuta ukapepea.

"Na jaladani?"

"Na jaladani. Toa msalaba, toa njiwa, toa mshumaa."

"Maua je?"

"Maua acha."

Nikamwonyesha kilio nilichokifuta, akakitoa, kisha nikamwambia pia atoe sura ya mwisho, yote. Akageuka akanitazama juu ya miwani.

"Sasa kitaishaje?"

"Treni imechelewa. Amefunika sufuria, anasubiri abiria."

"Watu hawatajua kwamba amefariki."

"Wanaokisoma wanajua."

Akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, kisha akauliza lile swali la wachapaji wote. "Nakala ngapi, mzee?"

Nilifikiria hamsini za Dar na mia tano za Morogoro. Nilifikiria watoto, ambao kitabu wanacho kwenye simu na siku wakitulia watakifungua. Wasipotulia, karatasi haitawatuliza. Nilifikiria wale waliojipepea.

"Mbili," nikasema.

"Mbili tu? Hata cha akiba?"

"Mbili."

Hakubisha tena. Pengine alishawahi kuona wazee wa aina yangu.

Nakala ya kwanza niliipeleka Ruaha. Nilimpa shemeji mlangoni, naye akaiingiza ndani, na nikiwa nimeketi nje mgongo ukiuelekea mlango nilisikia jalada linafunguliwa na ile gundi ikilalamika. Mama aliuliza kitu. Shemeji akafunua kurasa, akapata alichotafuta, na baadaye aliponisindikiza njiani aliniambia mama alitaka kuonyeshwa ndama yuko wapi. Akamkunjia pembe ya ukurasa ili awe anapapasa mwenyewe. Anakilaza karibu na mto wake. Hakuniita tena mkwe kwa sauti yake, na sidhani kama ataniita. Tumerudi kwenye adabu.

Ya pili ninayo mimi, hapa Magomeni. Jalada limeanza kujikunja kwa joto, na pale palipokuwa na kilio pana mstari mmoja uliosogezwa ambao macho yangu tu ndiyo yanauona. Jioni ya kwanza nilipika chai, nikakaa mkabala na kiti chake, nikasoma kwa sauti tangu mwanzo. Treni ya umeme ilipita upande wa kule, haikupiga honi. Nilisoma mpaka mwisho, pale anapofunika sufuria na kutazama reli kama taa inaonekana.

Kisha nikanyamaza, nikasubiri, kama nilivyozoea. Hakuna aliyesema mm. Hakuna aliyeniambia nirudi kwenye ndama.

Nikarudi mwenyewe.